Chakula Kisichomwinua Mtu Kitini

Dada yangu alikuwa akila amesimama. Akishawapakulia wote, anaugeuza mfuniko wa sufuria tumbo juu, anajitilia humo vijiko viwili vitatu, anakula ameegemea ukuta wa jikoni, jicho moja motoni, jingine mlangoni. Akimaliza anausuuza, anaufuta kwa aproni, anaurudisha mahali pake. Hakuna sahani ya kuosha, na hakuna anayejua kama ameshiba. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila mtu mzima ana mfuniko wake.

Alikuwa na miaka kumi na tisa mama yetu alipofariki; mimi nilikuwa na mitano. Baba simkumbuki. Dada aliacha masomo, akatoa kitanda kwenye chumba cha mbele, akaingiza meza tatu, akaanza kupika chakula cha mchana kwa wafanyakazi wa ofisi za mtaani. Saa sita na nusu walikuwa wanaingia. Saa nane na nusu chumba kitupu na sakafu imeshapigwa deki. Katikati ya saa hizo hakuna aliyepata kumwona Dada na mikono mitupu. Mimi nilimwita Mama. Hakuna aliyenituma. Jina lilibaki halina mtu, nikampa aliyekuwa karibu. Mara ya kwanza aliitika bila kugeuka, na akaendelea kuitika kwa miaka kumi na miwili.

Siku niliyomnyang'anya jina hilo ilikuwa Jumanne. Alitoka jikoni na sufuria kubwa, akiwaambia wateja kwa furaha kwamba kijana wake ameshaandikishwa kusomea ukarani, na kwamba siku si nyingi watamwona na tai shingoni. Mimi nilikuwa na mpango mwingine ambao sikuwa nimemwambia mtu: mtaa wa pili palikuwa na karakana ya kujalidi vitabu, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nikisimama dirishani pake kama mtoto mbele ya duka la peremende. Ningeweza kungoja saa nane na nusu. Badala yake nilisema, mbele ya watu kumi na wanane wenye vijiko mkononi:

"Usinipangie maisha. Wewe si mama yangu."

Vijiko vilisimama. Dada naye alisimama, mvuke ukimpanda usoni. Aliangalia meza, akatafuta mahali pa kuitua sufuria, akaitua, akapakua. Alipakua sahani kumi na nane, na ya kumi na tisa ikawa yangu. Nilikula. Hilo ndilo ninaloona haya kulisimulia kuliko maneno yenyewe: nilikula, nikamaliza.

Hatukulizungumza tena. Nilihama mwezi uleule. Nilimtembelea kila baada ya wiki mbili tatu, nikasimama mlangoni pa jikoni, naye akanipa sahani juu juu huku akikoroga kitu kingine. Nilimwita Dada, kama ilivyo haki. Ikapita miaka ishirini namna hiyo, na kwa mtu wa nje tulikuwa ndugu wanaopatana vizuri sana.

Kazi yangu hakuna aliyenifundisha kwa mdomo. Karakanani walinipa ufagio, na jioni nilikuwa nachukua vitabu vilivyotupwa, navifungua uzi kwa uzi nione waliovishona walianzia wapi. Niliharibu vingi. Mpaka leo sianzi kazi bila kuandika hatua zake kwenye karatasi, moja chini ya nyingine, na kuweka alama kila ninapomaliza moja. Wenzangu wananiita Taratibu. Mwanamke anayeshona kurasa tunamwita Sindano, kwa mikono yake na kwa ulimi wake. Mzee anayechapa herufi za dhahabu kwenye migongo ya vitabu ni Mzee Herufi. Watu watatu, meza moja ndefu, harufu ya gundi.

Kisha Dada akaniambia anafunga jiko. Miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Jioni viatu havitoki bila kuvutwa. Alikuwa na kijumba chake katika mji mwingine, mwendo wa siku mbili, na mwisho wa mwezi angehamia huko. Alinieleza haya huku akichambua mchele, kama anavyoeleza mtu kwamba amenunua chumvi. Nilihesabu Jumapili zilizobaki. Zilikuwa nne.

Nilimwalika Jumapili ya kwanza, saa kumi na moja jioni. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, nami nilikuwa nimelibeba miaka ishirini. Nikaona neno la namna hiyo haliwezi kutolewa juu ya chakula cha hivi hivi. Na kwa kuwa niliogopa kubaki naye peke yetu, niliwaalika Sindano na Mzee Herufi, kama mtu anavyobeba mwavuli siku ambayo hajui mawingu yataamua nini.

Niliandika ratiba nikaibandika ukutani juu ya jiko. Supu. Samaki na sosi yake. Kuku wa kuoka na viazi. Keki. Saa kumi na dakika kumi, viazi ndani. Saa kumi na dakika arobaini, mgeuze kuku. Saa kumi na moja na robo, supu mezani. Dakika hiyohiyo anza sosi, koroga, usiiache. Mistari ilikuwa thelathini na mmoja. Uma na vijiko nilivipanga kwa rula.

Sindano aliingia, akaisoma ratiba yote mikono kiunoni. "Taratibu," akasema, "kuku mwenyewe ameisoma hii?" Mzee Herufi akataka kujua kama kuku akichelewa dakika tano ataandikiwa barua. Walicheka, nami nikacheka, nikarudi kwenye supu. Halafu nikamsikia Sindano sebuleni, kwa sauti nyingine.

"Sisi ni wanne. Mbona viti vitatu?"

Nilitoka nikaangalia. Viti vitatu. Sahani tatu, glasi tatu, vitambaa vitatu vimekunjwa kwa pembe moja. Kwenye karatasi yangu mstari wa "panga meza" ulikuwa na alama yake. Nilikuwa nimehesabu wageni mara mbili, kama ninavyohesabu kurasa kabla ya kushona, na mara zote mbili sikujiona. Hata kiti cha nne chenyewe sikuwa nacho nyumbani.

Dada alikuwa ameshafika, amesimama kizingitini na mkoba wake. Aliviangalia viti, kisha akaniangalia mimi, kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Halafu akaweka mkoba kwenye kile kiti cha tatu, akapandisha mikono ya gauni, akaingia jikoni.

Wanasema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Huyu alilifuata mwenyewe kabla hajapewa maji. Kila chombo nilichochafua alikiosha. Tulisimama bega kwa bega mbele ya jiko, mahali nilipokuwa nikipataka kwa miaka ishirini, na nilianza mara tatu. Mara ya kwanza nilisema, "Dada, unajua," naye akasema sosi inashika chini, na kweli ilikuwa inashika. Mara ya pili ilikuwa kuku. Mara ya tatu nilikuwa nimeshalifikisha neno ulimini, ndipo sote wawili tukasikia harufu ya keki. Sebuleni wale wawili walikula kila kitu kwa wakati wake, wakawa wanapokezana hadithi, na vicheko vyao vilitufikia kama redio ya jirani.

Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Alisema chakula kilikuwa kizuri, kuku hasa. Akavaa viatu kwa shida, mkono mmoja ukutani.

"Nilikuja kukuona," akasema. "Nimeona mgongo wako."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama fundi nguo anavyotaja kipimo. Niliporudi jikoni nilikuta mfuniko wa sufuria ya supu mezani, umeoshwa, bado unadondosha maji. Alikuwa amekula hapo, pembeni yangu, na sikumwona. Mimi nilikuwa nimekula kwenye mwiko.

Kesho yake tulikuwa kazini, na Sindano si mtu wa kungoja kuambiwa. Alishona kurasa nne nzima kwanza. Kisha akasema bila kuinua macho kwamba kwangu jana hapakuwa na karamu, palikuwa na zamu. Mzee Herufi akasema kuku lakini alikuwa mtamu. Sindano akasema hakuna aliyemtukana kuku.

Nilimuuliza yeye anafanyaje, maana kwake kila mwezi watu hukaa mpaka wakasahau walichokuja kufanya. Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Mimi napika kitu kisichoniita," alisema.

Akanieleza kidogo kidogo, katikati ya mishono, na mimi nikaandika nyuma ya karatasi ya vipimo. Sufuria moja, si mbili. Kipikwe jana yake, maana maharage yaliyolala ni matamu kuliko ya leo, nayo hayana kinyongo yakipashwa moto. Mkate ununuliwe, mwokaji haamki alfajiri bure. Kiwepo kitu kibichi cha kukatakata kwenye bakuli. Matunda yawekwe mezani na kisu, kila mtu amenye lake, kwa sababu mtu aliyeshika chungwa hana haraka. Na kitu chochote kinachokuhitaji katika saa ya mwisho waachie wenye hoteli. Sindano aliniangalia kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Akasema wageni hawajali kama umechoka kwa ajili yao. Wanachojali ni kama upo.

Nililifikiri hilo siku nzima, na jambo lililonishangaza ni kwamba nililijua tayari. Kitabu kikishapakwa gundi kinabanwa kati ya mbao mbili, kinaachwa. Fundi mchanga haachi. Anafungua aone kama imeshika, anafunga, anafungua tena, na asubuhi kurasa zimejikunja kama majani ya kabichi. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Sehemu kubwa ya ufundi wangu ni kujua wakati wa kuondoa mikono. Kumbe nilikuwa nikiuacha ufundi wote karakanani pamoja na koti la kazi.

Jumapili mbili zilizofuata Dada alikuwa anafunga mizigo na kuaga wateja, hakuwa na nafasi. Ikabaki moja. Nilikwenda kumwomba nikamkuta amepiga magoti kati ya masanduku. Alisema amechoka, alisema sufuria zake zote zimeshafungwa, kana kwamba nilimwomba aje kupika. Nikamwambia, "Safari hii viti ni vinne." Aliacha kamba aliyokuwa anaifunga. Akasema haya, atakuja.

Ijumaa jioni niliroweka maharage meupe. Jumamosi nilikaanga vitunguu polepole mpaka vikafikia rangi ya karatasi ya zamani, nikatia nyanya, karoti, vitunguu saumu, kisha maharage, nikapunguza moto nikakaa mbali. Jumapili nilipasha tu. Saa kumi na nusu nililizima jiko, nikaipeleka sufuria mezani, nikaizungushia blanketi zito tunalotumia kufunikia mashine. Kitu kibichi kilikuwa matango na nyanya na limau. Machungwa yalikuwa katikati na kisu kimoja. Kiti cha nne kilikuwa stuli ya karakanani, ina madoa ya gundi ambayo hayatoki.

Mfuniko wa sufuria niliugeuza, nikaupanga mkate juu yake. Hilo sikulisoma kwa Sindano.

Ikabaki nusu saa na sina la kufanya. Sijawahi kuogopa namna ile. Mikono ilinisumbua kama watoto wa mgeni, niliikalia. Ukutani palikuwa na alama nne za gundi mahali ratiba ilipokuwa imebandikwa.

Sindano na Mzee Herufi walitangulia. Dada alipoingia alikwenda moja kwa moja jikoni, na hatukumzuia. Tulimsikia akisimama humo. Hapakuwa na chombo kichafu, hapakuwa na moto. Akarudi taratibu.

"Jiko limezimwa," alisema, kama anayeleta taarifa ya msiba.

Sindano akamwambia ndiyo, dada yetu, limepumzika, nawe pumzika. Akakaa ukingoni mwa kiti, magoti pamoja, kama mtu aliyeitwa ofisini. Nilipoifunua sufuria kwenye blanketi macho yake yalianza kutafuta. Aliangalia mezani, akaangalia chini ya meza.

"Mfuniko uko wapi?"

"Una mkate," nikasema.

Aliutazama mfuniko, na vipande vya mkate vilivyojipanga juu yake. Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo. Sindano akampa sahani. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipakata kwanza mapajani, baadaye akaipandisha mezani kama mtu anayevuka mtaro.

Tulikula. Mzee Herufi alisimulia jinsi alivyowahi kuchapa herufi za dhahabu kichwa chini kwenye migongo ya vitabu arobaini vya mwanasheria mmoja, na mwanasheria mwenyewe, badala ya kukasirika, akavipanga vyote kichwa chini kabatini na kuapa kwamba ndivyo alivyovitaka. Dada alicheka na chakula kinywani. Aliziba mdomo kwa mkono, mabega yakitikisika. Nilikuwa na miaka thelathini na saba na sikuwa nimewahi kuona kitu hicho. Alijiongezea mwenyewe, mara mbili. Jua lilikuwa limeingia chini chini dirishani na kupiga meza yote.

Nilikuwa nimekusudia kungoja wale wawili watoke. Lakini neno la kwanza nililisema mbele ya watu. Nikaona si haki la pili lisemewe uchochoroni.

"Dada," nikasema. "Ile Jumanne."

Sindano aliacha kutafuna. Macho yangu, kwa mazoea, yalikimbilia sufuria kuona kama inahitaji kitu. Haikuhitaji. Dada aliweka kijiko chini.

"Siku ile nilikuwa nimeshika sufuria ya moto," alisema. "Watu wana njaa, mikono inaungua. Ningekujibu nini? Halafu kila ulipokuja tena, nilikuwa nimeshika kitu."

Akaifungua mikono yake juu ya meza, viganja juu. Ilikuwa na alama za moto za miaka thelathini na zaidi, ndogo ndogo, nyeupe.

"Leo sijashika kitu. Sema."

Nikasema. Sikusema vizuri. Mistari niliyokuwa nimeiandika kichwani ilitawanyika, nikabaki na yale yaliyokuwepo: kwamba neno lile lilikuwa la uongo, na kwamba nilijua ni la uongo hata kabla halijavuka meno, kwamba niliogopa tai ile ya shingoni, nikamtupia yeye woga wangu, kwamba nilikula sahani yangu nikamaliza, na hilo linaniamsha mpaka leo. Katikati ya maneno hayo nilimwita Mama. Sikuwa nimelipanga. Lilitoka lenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jiko la kukimbilia, lilikaa pale mezani kati yetu.

Mzee Herufi alikuwa anamenya chungwa kwa uangalifu mkubwa mno.

Dada hakulia, wala hakuniambia nisijali. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kupata nafasi ya kulifanya kwa mtu yeyote. Kisha akachukua kipande cha mwisho cha mkate, akafutia sahani yake mpaka ikang'aa, akala. Mfuniko ukabaki mtupu.

"Mkate umeisha," alisema.

"Upo mwingine jikoni."

"Najua. Nimeuona."

Kutoka mezani mpaka jikoni kwangu ni hatua kumi. Niliona vidole vyake vimeshika ukingo wa meza. Miguu yangu mwenyewe ilikuwa imeshajikunja chini ya stuli, tayari. Tukaangaliana. Hakuna aliyeinuka.

Alisafiri Alhamisi. Asubuhi yake nilikuta mzigo karakanani, umefungwa kwa magazeti: sufuria yake kubwa, ile ya Jumanne. Haikuwa na mfuniko. Sasa kila Jumapili ya mwisho wa mwezi watu wanakuja kwangu, nami nazunguka kwenye vitu vitatu vinne vilevile: maharage, dengu, viazi na uyoga, chochote kinachoweza kulala na kuamka. Sufuria naifunika kwa ubao wa kujalidia na uzito wa chuma juu yake. Wageni wapya hucheka. Wa zamani huleta mkate.

Nilimwandikia Dada kumuuliza kama mfuniko ulipotea njiani. Jibu lilichukua mwezi mzima kufika, nalo lilikuwa na mistari miwili, mwandiko wake uleule wa orodha za sokoni:

"Mfuniko ninao. Siku ukija nitakupakulia wewe humo. Mimi siku hizi nina sahani. Mama."

Karatasi ilikuwa imejikunja kwa safari. Niliilaza kati ya mbao mbili, nikakaza skrubu, na tangu siku hiyo sijaifungua kuangalia.